Mama ana presha na sukari, bati linawaka, jirani anachoma takataka: namna ya kumvusha mgonjwa wako kwenye fukuto

Mwezi wa pili nilipita Kariakoo nikanunua kipimajoto cha ukutani, vile vya bei chee vya betri moja, nikakipigilia msumari chumbani kwa mama. Saa tisa mchana kilisoma 35. Hapo sikushtuka, Februari ya Dar nani asiyeijua. Nilishtuka saa tano usiku, nje kuna kaupepo, watu wako barazani wanapiga stori wanasema leo angalau, mimi nachungulia chumbani kipimo kinasoma 32 na mama amelala humo. Presha anayo miaka kumi na mbili, sukari miaka saba, chumba bati tupu hakina silingi bodi, dirisha moja na lenyewe linatazama ukuta wa jirani.

Sasa fikiria anavyopimwa kliniki. Saa mbili asubuhi, ukumbi una AC, ameshakaa kwenye benchi lisaa lizima akisubiri jina lake liitwe, mwili umetulia umepoa, sista anamfunga mashine, 138 kwa 84, "mama uko vizuri endelea na dawa zako". Dozi yake yote imepangwa kwa kuutazama mwili ule wa kwenye AC. Ule mwili unaolala kwenye nyuzi 32 hakuna mtu amewahi kuupima hata siku moja. Kwa hiyo kazi hiyo ni yako wewe unayeishi naye, na hapa chini nitakuelekeza tulivyofanya sisi. Mimi sio daktari, ni mtoto wa mgonjwa, haya nimeyapata kwa kuuliza sana, kusoma, na mengine kwa kukosea.

Kwanza uelewe mwili unafanyaje kukiwa na joto, maana ukielewa hapa mengine yote utayaona mwenyewe. Mwili unajipoza kwa njia mbili, unasukuma damu nyingi kuja kwenye ngozi ili joto litoke, na unatoa jasho ili jasho likikauka liondoke na joto. Damu ikija kwenye ngozi mishipa inatanuka, presha inashuka, moyo inabidi upige haraka haraka kufidia. Moyo mzima unaweza kufanya hiyo kazi usiku kucha, moyo uliochoka hauwezi. Alafu jasho lenyewe, hapa kwetu pwani hewa imejaa maji tayari, jasho linatiririka tu chepechepe halikauki, na jasho lisilokauka halipozi kitu, unapoteza maji na chumvi bure. Ndo maana nyuzi 33 za Dar zinachosha kuliko 36 za Dodoma, na wazee wetu walikuwa na neno lake kabisa, fukuto. Maji yakipungua damu inakuwa nzito, figo zinapata damu kidogo, hapo ndo unasikia fulani alikuwa mzima kabisa jana kalala kaamka upande mmoja haufanyi kazi.

Na usiku ndo wenye kesi kubwa. Mchana mgonjwa anaweza kuhamia chini ya mwembe, usiku anajifungia ndani kwa sababu ya wezi na mbu, bati na matofali yaliyokunywa jua kutwa nzima yanaanza kulitapika humo ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha mzee au mgonjwa kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Hiyo 24 usiku mwezi wa pili Dar labda umlaze mzee kwenye friji ya soda, ila inakupa picha kwamba 32 saa tano usiku sio jambo la kusema tutazoea.

Tuje kwenye dawa, hapa nitakaa sana maana hapa ndo tuliumia.

Siku moja saa kumi jioni mama amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, anatoka jasho, mikono inatetemeka, namuuliza kitu ananijibu kitu kingine. Sisi wote tukasema joto hili. Tukampepea, tukammwagia maji kichwani, dada akataka kumpeleka akalale. Jirani yetu mmoja ambaye naye anaishi na sukari akauliza tu, mmempima? Tukampima, 3.1. Sukari imeshuka, chini ya 4 ni hatari tayari, na tungemlaza sijui tungeamka na nini. Kumbe ilikuwa hivi, joto lilimkata hamu ya kula, mchana alikunywa chai kavu tu na kipande cha muhogo, lakini kidonge chake cha glibenclamide, kile wengi wanakijua kwa jina la Daonil, alikimeza kama kawaida kwa sababu yeye ni mtu wa nidhamu. Kidonge kile kinashusha sukari ule usile. Tukampa maji ya sukari vijiko vitatu vya kujaa, baada ya dakika kumi na tano tukapima tena, ikapanda, tukampa uji. Sasa shika hii: dalili za sukari kushuka na dalili za kuzidiwa na joto zinafanana karibu kila kitu, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, udhaifu. Mwenye sukari akiwa hivyo pima kwanza. Kama strip zimeisha au mashine haionekani, mpe sukari kama anaweza kumeza, ikiwa haikuwa imeshuka hiyo sukari ya mara moja haitamuua, ila ikiwa imeshuka ukamuacha, hiyo inaua.

Wanaochoma insulini wana lao, ngozi ikipata joto damu inapita nyingi na insulini inaingia mwilini haraka kuliko kawaida, kwa hiyo dozi ile ile ya mwezi wa saba inaweza kumshusha mwezi wa pili. Pima mara nyingi zaidi kipindi cha joto, andika kwenye daftari, nenda na daftari kliniki.

Presha nayo. Wengi wetu wazazi wanatumia dawa ya kukojoza, hydrochlorothiazide au Lasix, kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini. Jasho nalo linatoa maji na chumvi. Unaona hapo? Ukiongeza na losartan au enalapril au lisinopril ambazo zinagusa figo, mgonjwa aliyekaukiwa maji figo zake zinaweza kupigwa mweleka ndani ya siku chache, hasa akipata na kuharisha juu yake. Atenolol na jamaa zake zinauzuia moyo kupiga haraka pale unapotakiwa kupiga haraka. Amlodipine inajaza miguu na joto linajaza miguu, basi ukiona miguu imevimba jioni usikimbilie kumuongezea kidonge cha kukojoza mwenyewe, uliza kwanza. Hata piriton za mafua zinapunguza jasho. Dawa za wagonjwa wa akili kama chlorpromazine na haloperidol zinaharibu kabisa ule mfumo wa mwili wa kujipoza, na hawa ndugu zetu mara nyingi hawasemi kwamba wanasikia joto, unamkuta mtu kavaa koti mwezi wa pili, mvue koti, mpe maji, usimcheke.

SASA TAFADHALI usiende kumuachisha mtu dawa kwa sababu umesoma hapa. Presha iliyoachwa bila dawa inapasua mishipa, joto au baridi. Unachofanya ni hiki: mwezi wa kumi na moja kabla kaskazi haijachanganya, siku yake ya kliniki nenda naye, usimtume peke yake maana wazee wakiulizwa "unaendeleaje" wanasema namshukuru Mungu, basi imeisha hiyo. Wewe uliza, dokta kipindi cha joto dozi hii inabaki hivi hivi? Akianza kuharisha au kutapika dawa ipi tuisimamishe kwa muda na ipi tuendelee nayo? Anywe maji kiasi gani? Hilo la tatu uliza hata kama unaona ni la kitoto, kwa sababu mwenye moyo uliotanuka au figo zilizofika mbali ana kipimo chake cha maji na ukimjaza maji kwa huruma unamzamisha. Mwenye moyo mpime uzito kila asubuhi kabla ya chai, ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu ni maji hayo, ukishuka ghafla amekauka.

Nyumbani mpime presha akiwa amekaa, alafu asimame dakika mbili tatu, umpime tena. Ikishuka sana aliposimama na anasikia kizunguzungu, au ikikaa chini ya 90 kwa 60 na hana nguvu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Sisi kwa mama tulikuta akisimama inashuka kutoka 130 mpaka 104, tukaandika siku tano mfululizo tukapeleka, dokta akaangalia daftari akampunguzia kile cha kukojoza nusu mpaka masika. Kile kizunguzungu cha asubuhi alichokuwa anasema ni uzee kikaisha.

Maji, wazee hawasikii kiu kama sisi. "Mama umekunywa maji?" "Nimekunywa chai mwanangu." Hiyo chai ni moja ya asubuhi. Dawa tuliyoipata ni chupa ya lita moja na nusu yenye alama za kalamu, saa nne hapa, saa saba hapa, saa kumi hapa, mjukuu wa darasa la pili kapewa cheo cha msimamizi na anakichukulia serious kuliko mkuu wa wilaya. Angalia mkojo, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi amechelewa. Soda na juisi za boksi kwa mwenye sukari hapana, madafu yana potasiamu nyingi kwa hiyo mwenye figo asiyafakamie, na chumvi usimuongezee mwenye presha eti kwa sababu anatoka jasho. Mwenye selimundu huyu maji kwake ni dawa kabisa, akikauka kidogo tu seli zinanasa maumivu yanaanza.

Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa friji, nyuzi 2 mpaka 8, isiguse freeza, ikiganda imekufa hata ikiyeyuka inaonekana nzima. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje karibu wiki nne ikiwa joto halivuki 30 hivi, andika tarehe ya kufungua kwa makapeni kwenye kichupa. Tatizo chumba chetu kinavuka 30 kila siku, na umeme nao ukikatika ndo basi. Mtungi wa udongo bado unasaidia: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, funika na kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo. Bara hewa kavu inapoza vizuri zaidi, pwani hapa unapata nyuzi chache tu, lakini hizo chache ndo tofauti ya 33 na 29. Weka insulini kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Insulini ile ya kama maji ukiona imekuwa na ukungu tupa, na ile ya maziwa ukiizungusha ikabaki na mabonge tupa. Strip nazo funga kopo lake vizuri, unyevu unazifanya ziseme uongo.

Kitu kingine hakisemwi vya kutosha, Ramadhani. Miaka hii imeangukia Februari na Machi, yaani katikati kabisa ya fukuto. Mwenye sukari na presha anayetaka kufunga aende kwa dokta wiki kadhaa kabla dawa zipangwe upya kwa futari na daku, kile cha kukojoza ukikimeza daku unashinda kutwa unakojoa maji ambayo huwezi kuyarudisha. Sukari ikifika chini ya 3.9 au ikipita 16.6 anafungua hapo hapo, saa yoyote, hata kama zimebaki dakika ishirini adhana. Kupima kidoleni hakufunguzi, hilo ulizeni kwa masheikh wenu mtaambiwa. Mama alibisha sana hapa, ikabidi aje mjomba ndo akakubali.

Na wazee wanaokwenda Hija wasikilize hili. Mwaka 2024 Saudia ilitangaza waliofariki Hija ni 1,301, joto Makka lilivuka 50, na wengi mno kati yao, zaidi ya watu 8 katika kila 10, walikuwa wamekwenda bila vibali, kwa hiyo hawakuwa na mahema yenye AC wala mabasi, walitembea juani. Jua lilikuwa moja kwa wote, kivuli ndo hakikuwa kimoja. Kama mzee wako ana ugonjwa wa kudumu usimpitishe njia za panya.

Haya, nyumba. Hapa pesa inahusika ila sio nyingi kama mnavyodhani.

Bibi yangu kule Bagamoyo alikuwa na nyumba ya makuti na udongo, ndani poa mchana kutwa, akajengewa ya bati na matofali ikawa ndo maendeleo, na yeye akahamia kulala barazani. Bati tupu ni jiko. Silingi bodi ndo suluhisho la kudumu, kama huna hela ya nyumba nzima weka chumba cha mgonjwa tu. Cha bei ya chini kabisa ni kupaka bati rangi nyeupe kwa juu, jua linarudi lilikotoka. Ahmedabad India walifanya hivyo kwenye nyumba za masikini, kwa chokaa, baada ya joto la Mei 2010 kuua watu zaidi ya 1,300 kuliko kawaida ya mwezi huo, na 2013 wakawa na mpango wa jiji zima wa kupambana na joto. Chokaa inaoshwa na masika, kwa hiyo ni zoezi la kila mwaka, na kama unakinga maji ya mvua toka batini acha mvua mbili tatu za kwanza zipite.

Mchana funga pazia upande wa jua, upande wa magharibi ndo mbaya zaidi, hamisha kitanda kisigusane na ukuta huo. Jua likizama fungua kila kitu. Wezi je? Nondo na waya. Mbu je? Neti, na hapa kuna mtego, neti inapunguza upepo sana, watu wanaivua kwa sababu ya joto alafu mzee anapata malaria juu ya sukari. Sogeza feni karibu na kitanda ipulize kupita kwenye neti, usiitundike mbali. Feni peke yake kwenye fukuto inasaidia kiasi, feni na ngozi iliyolowa inasaidia mara dufu, lowesha khanga, kamua, mfunike mabegani au miguuni. Kwa joto la Dar feni haina shida, ila ndugu zetu mlioko Muscat na Dubai hewa ikivuka 40 feni inakupulizia tanuri, huko ni AC tu. Umeme ukikatika beseni la maji, miguu ndani, mkeka sakafuni. Sakafu ya saruji ni rafiki, lakini hakikisha anaweza kunyanyuka mwenyewe, mama mzaa chema wangu alilala chini vizuri ikawa kumuinua asubuhi ni kazi ya watu wawili.

Sasa moshi, ambao huu kila mtu anaudharau kwa sababu tumezaliwa nao.

Ule moshi unaouona sio wenyewe hasa unaoua. Kinachoua ni vumbi dogo kuliko vyote, linaitwa PM2.5, ukichukua unywele mmoja upana wake punje kama thelathini zinaingia. Hilo linapita mapafuni linaingia mpaka kwenye damu, linavimbisha mishipa, presha inapanda, damu inaganda. Watu wakisikia moshi wanawaza kikohozi na pumu, kumbe sehemu kubwa ya wanaouliwa na hewa chafu wanakufa kwa moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya nje na ya ndani inaua kama watu milioni 7 kwa mwaka, na kiwango chake cha 2021 ni maikrogramu 5 tu kwa mwaka katika kila mita ya ujazo, 15 kwa siku moja. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linapita hapo mara nyingi sana. Na vikija viwili pamoja ndo balaa, utafiti wa California uliotoka 2022 ulikuta siku za joto kali peke yake vifo viliongezeka kama asilimia 6, siku za hewa chafu peke yake 5, siku vyote viwili vimekutana 21. Hesabu haijumlishi, inazidisha. Kwetu vyote viwili vinakutana pale saa kumi na mbili jioni, kila nyumba imewasha jiko na joto bado halijatoka.

Cha kwanza kufanya, mgonjwa asiwe mpishi wa mkaa. Najua kuna mama lishe wanaosoma hii wana presha na wanakaa mbele ya majiko matatu kutoka saa kumi alfajiri, kwenu angalau jiko likae upande upepo unakokwenda na wewe ukae upande unakotoka, na lile la maharage, la kuchemka masaa, ndo la kwanza kuhamia gesi au preshakuka ya umeme. Watu wanaogopa luku ila maharage kwenye preshakuka ya umeme ni uniti moja hivi au haifiki, linganisha na kopo la mkaa la siku hizi.

Pili, na hapa nitagombana na watu, koili ya mbu na udi. Koili moja ikiwaka usiku kucha chumba kimefungwa ni mgonjwa anavuta moshi usiku kucha, neti inafanya kazi ile ile bure. Udi na ubani, mimi ni mtu wa pwani, najua Alhamisi jioni bila ubani nyumba inaonekana haina mwenyewe. Tulichokubaliana kwa mama, chetezo kinawashwa sebuleni madirisha wazi, yeye yuko uani, akirudi harufu ipo moshi umeondoka. Kaka yangu mwenye pumu naye tangu hapo hajaamka usiku akitafuta hewa.

Fagia baada ya kunyunyiza maji. Matembezi ya mazoezi yasiwe kando ya barabara ya malori, ingia mitaa ya ndani hata kwa hatua mia mbili, hewa inabadilika. Alfajiri hewa ikiwa imetulia moshi wa usiku unakaa chini chini, subiri jua lipande kidogo lakini kabla halijawa kali, saa moja na nusu hivi panafaa. Barakoa ya kitambaa haizuii hilo vumbi dogo, N95 inazuia ila kwenye fukuto mgonjwa wa moyo hawezi kuivaa muda mrefu, itumie kwa safari fupi.

Mwenye pumu asikae na ile pampu ya bluu peke yake, ya bluu inafungua kifua leo, ya kuzuia ndo inayomlinda kila siku hata asipobanwa, ulizia kliniki. Pampu usiiache kwenye dashibodi wala kwenye kiti cha bodaboda juani. Mtoto au mzee anayeshindwa kuvuta sawasawa, chupa tupu ya plastiki ya nusu lita itobolewe tundu kitakoni pampu iingie ibane, anavutia mdomoni mwa chupa pumzi tano sita za kawaida, hiyo inafanya kazi vizuri, hospitali nyingi wanaifundisha.

Dharura: mtu mwenye joto kali, amechanganyikiwa au anaweweseka au amezimia, mwili unaungua, hicho ni kiharusi cha joto na kila dakika ina hesabu. Mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, kwapani na shingoni barafu kama ipo, huku mwingine anaita bajaji. Poza kwanza, mengine baadaye. Panado haisaidii hapo, na asiyejitambua usimnyweshe kitu. Ukiona mdomo umepinda, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki vizuri, huo ni ubongo, usipoteze muda kumpaka mafuta, ondoka naye.

Sehemu ya mwisho ni ile ambayo huwezi kuimaliza na khanga mbichi. Mimi nilipaka bati, nikahamisha chetezo, lakini nyuma yetu kuna kiwanja watu wanachoma takataka, plastiki na pempasi, kila baada ya siku mbili. Nikaenda ofisi ya mtaa mara ya kwanza nikasema moshi unakera, nikaambiwa tutalishughulikia. Mara ya pili nikaenda kwenye mkutano wa mtaa na daftari la mama, tarehe za kuchoma na presha ya jioni ile, pamoja na majirani watatu wenye wagonjwa. Nikaomba vitu viwili tu, gari la taka lipite Jumanne na Ijumaa kama mkataba unavyosema, na mwenyekiti aandike jina la anayechoma. Ikaingia kwenye muhtasari. Ikishaandikwa kwenye muhtasari inakuwa na miguu, unaweza kuipeleka kata, kwa afisa afya, na sheria ya mazingira ya 2004 ipo upande wako. Gari sasa linapita Ijumaa. Jumanne bado.

Ukienda kusema kwenye mikutano hiyo usianze na tabianchi, utaona macho yanapotea. Anza na kiti cha plastiki uani na mama anayetetemeka. Ila ujue karatasi kubwa zinasema nini uzitaje inapobidi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Basi uliza, zahanati yetu na shule yetu bado wanapikia nini? Dubai kwenye COP28, mkutano wa dunia wa tabianchi wa mwaka 2023, ilikuwa mara ya kwanza mkutano ule kutenga siku nzima ya afya, nchi zaidi ya 120 zikaunga mkono tamko. Basi uliza, kliniki ya sukari inaweza kuanza saa moja badala ya saa mbili miezi ya joto, wazee wasisimame foleni saa sita? Hiyo haihitaji mfadhili. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 walimteua mtu maalumu wa joto wa jiji, Eugenia Kargbo, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwawekea kina mama wa sokoni mapaa ya kivuli. Masoko yetu mangapi mama anauza nyanya chini ya mwavuli wa kampuni ya simu uliochanika? Sisi mchango wetu kwenye gesi zinazopasha dunia ni punje, 2024 dunia ilipita nyuzi 1.5 juu ya zama za kabla ya viwanda na hatukuipasha sisi, kwa hiyo kudai hela ya vivuli na miti sio kuomba. Lakini mkaa, taka na moshi wa dizeli ni wetu wenyewe, na masizi ya mkaa na dizeli yanapasha hewa pia, ukizima hilo unapata faida leo leo kifuani hapo hapo, sio 2050.

Kipimajoto bado kipo ukutani. Baada ya chokaa, na tundu mbili za hewa fundi alizotoboa juu ya lenta kwa elfu thelathini, saa tano usiku kinasoma 29, wakati mwingine 28 kusi ikianza. Chokaa yenyewe mfuko mmoja haukutosha bati lote, tukapaka upande wa chumba cha mama tu, ukiwa kwenye ghorofa lile la kona unaona nyumba nzima ina kutu kisha kuna kiraka kimoja cheupeee, watoto wa mtaa wanaita uwanja wa ndege.